Miezi mitatu kwenye darasa la Kiswahili la Kibokoni

Mwanangu ana miaka kumi. Alizaliwa Doha akakulia huko huko, na tuliporudi Mombasa Desemba iliyopita alikuwa anasikia kila unachomwambia kwa Kiswahili lakini hasemi. Ukimtuma, "Nenda kamwambie mjomba wako chakula ki tayari," ataondoka mbio, atafika, na atamwambia kwa Kiingereza. Ujumbe ameushika wote, hajaangusha hata neno.

Nilimpeleka kwenye darasa la watoto la wikendi pale Kibokoni, Mji wa Kale, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi. Wenzangu waliorudi kutoka Ghuba na Ulaya wananiuliza kama linafaa, na kila mmoja namweleza kipande kipande kwa simu, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Jina sitaliandika kwa sababu halina. Hakuna kibao mlangoni wala ukurasa wa Facebook. Ni ukumbi wa chini wa nyumba ya zamani, vichochoro viwili kutoka barabara ya Ndia Kuu, na mwenyewe, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Bi Mwalimu, ameniomba jina lake lisiingie mtandaoni.

Kwanza niseme tunatoka wapi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nimelipenda hivi.

Mamangu ni Mgiriama wa Kaloleni. Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mswahili wa hapa mjini. Mimi nimekulia Majengo. Nyumbani Kiswahili kilikuwa cha kila siku, Kigiriama cha mama na dada zake wakikaa uani kupiga soga, Kiarabu cha chuoni kwa maalim, Kiingereza cha shule, na Kihindi tulikidaka kwenye filamu na kwa majirani. Hakuna aliyekaa kuhesabu lugha. Mume wangu naye ni Mjaluo wa Kisumu. Tulikutana tukifanya kazi hoteli moja ya Nyali, tukachumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na mpaka leo tukiwa wawili ni Kiswahili.

Mtoto alipofika miaka mitatu, chekechea aliyokuwa akienda kule Doha ilituita. Tukaambiwa amechelewa kusema kwa sababu nyumbani anasikia lugha nyingi, tuchague moja, Kiingereza, tushikamane nayo. Tukatii. Tangu hapo nimesoma na kuuliza vya kutosha: kukua na lugha mbili au tatu hakumvurugi mtoto akili, na kuchanganya maneno ya huku na kule ni hatua anayoipita. Lakini hata sikuhitaji kusoma. Ushahidi ulikuwa mdomoni mwangu mwenyewe, na bado nilimwamini mtu kwa sababu alikuwa na kitambulisho shingoni.

Gharama yake niliiona kila Ijumaa. Mamangu hajui Kiingereza. Akipiga simu anaongea na mjukuu wake, anauliza, anasifu, anabembeleza, na mjukuu anamjibu kwa kutikisa kichwa, na ile simu ya nyanya ni ya vitufe, haionyeshi kichwa. Nilikuwa nachukua simu nasema, "Amekubali, mama." Miaka sita nimekuwa mkalimani kati ya mamangu na mwanangu.

Kabla ya Kibokoni tulijaribu njia mbili. Programu moja ya simu ilimfundisha kwa wiki tatu kwamba mwanamume anakula tofaa na mwanamke anakunywa maziwa. Alifaulu kila zoezi na hakuweza kumwamkia mtu. Kisha tukamleta mwalimu wa kuja nyumbani, mtu mwema, lakini alikuja na vitabu vya shule akaanza na aina za maneno. Mtoto alijua nomino ni nini kabla hajaomba maji ya kunywa kwa Kiswahili.

Sasa darasa lenyewe. Ni Jumamosi na Jumapili, saa nane na nusu hadi saa kumi na moja, na mapumziko adhana ya alasiri ikiita. Watoto hawazidi kumi na wawili. Kwenye kundi letu kulikuwa na mvulana wa papo hapo mtaani wa Kibohora, ile jamii ya Waislamu wenye asili ya Uhindi, dada wawili Wasomali, ndugu wawili waliokuja kutoka Birmingham, na kijana mmoja mkubwa, miaka ishirini na mitatu, aliyezaliwa Muscat, ambaye alikaa na wadogo kwenye mkeka bila kuona haya. Nilimheshimu sana yule kijana.

Siku ya kwanza Bi Mwalimu aliweka kikombe cha maji katikati ya mkeka. Akauliza, kwenu mnakiitaje kilichomo? Si kwa Kiswahili, kwenu. Mmoja akasema pani, dada wale wakasema biyo, wa Muscat akasema mai. Ikafika zamu ya mwanangu. Akanitazama, nami nikatazama sakafu kama tulivyoagizwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Pi." Kijaluo cha babake, ambacho hata sikujua amekihifadhi. Kisha akaongeza, "Na madzi." Hicho ni cha nyanya yake. Bi Mwalimu akaandika yote ukutani kwa chaki, maji yakawa la mwisho. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wazazi vya shule za bei kubwa, na sijapata kuona mwanangu akiulizwa anajua nini badala ya kuulizwa kwa nini hajui.

Kanuni ya darasa ni moja tu, nayo inawahusu wakubwa zaidi: ni marufuku kummalizia mtoto sentensi. Mtoto akikwama, unangoja. Mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma, ila akifungua mdomo anatolewa nje, na mimi nilitolewa mara mbili. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ukingoja ndipo unapogundua ulivyokuwa hungoji. Mwanangu alikuwa na Kiswahili chake tele, lakini miaka yote hiyo alipokuwa akikitafuta, mimi au babake tulikuwa tumeshampa Kiingereza mkononi.

Niliiona kanuni hiyo ikifanya kazi kwenye soko la Marikiti, wiki ya nne. Watoto walipewa shilingi mia mbili kila mmoja na orodha ya kichwani: nazi mbili, ndimu, bizari ya pilau. Mwanangu akasimama mbele ya mzee wa nazi. Akasema, "Shikamoo. Nataka nazi mbili. Zile kubwa." Vizuri sana mpaka hapo. Mzee akachagua, akazigonga, akauliza, "Nikuvunjie?" Kimya. Mkokoteni ukapita nyuma yetu, mtu akapiga kelele "Njia! Njia!", mwanangu amesimama na noti yake. Mzee akaona huyu ni mgeni, akamgeukia kwa Kiingereza. Bi Mwalimu akainua kidole. "Msubiri, babu. Ana maneno, yanakuja." Yule mzee akaweka nazi chini akangoja, na mteja mwingine aliyekuwa nyuma naye akangoja. Sijui ilikuwa muda gani. Mwishowe mwanangu akasema, "La. Mama atavunja nyumbani." Mzee akacheka akamwongeza ndimu moja ya bure.

Jambo jingine ambalo sijaliona kwingine ni jinsi anavyofundisha kwamba Kiswahili chenyewe kimelelewa na wengi. Walitembea hadi Ngome, Fort Jesus, ile ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na wakiwa nje ya ukuta akawauliza ni maneno gani Wareno waliyaacha walipoondoka. Meza, leso, bendera. Gereza pia, ambalo wajuzi wa maneno hulirudisha kwenye neno la Kireno la kanisa, na ngome hiyo hiyo Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Yule mvulana wa Kibohora akadai gari na laki, akasema hayo ni ya nyumbani kwao, na ni kweli. Mwanangu alikuwa amesoma Kiarabu kidogo shuleni Qatar. Akaanza kuhesabu kwa vidole akakuta sita, saba na tisa anazijua tangu kule, halafu ishirini mpaka tisini zote. Alirudi nyumbani ananihesabia ndani ya matatu mpaka tukavuka daraja la Nyali. Watu wakawa wanatuangalia, akaendelea tu.

Lakini siku ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ya kibao cha barabara. Tulikuwa tunapita barabarani, mwanangu akasimama akasoma "Ndia Kuu", akamwambia Bi Mwalimu kwamba wamekosea, wangeandika njia. Ametoka kujifunza neno njia wiki ile ile, analionea fahari. Bi Mwalimu hakumjibu pale. Tuliporudi ukumbini akachora ubao mistari mitatu. Wa kwanza akaandika anavyosema Mzanzibari: macho, mchana, mchanga, kucheka. Wa pili, anavyosema Mmvita, yaani Mswahili wa asili wa Mombasa: mato, mtana, mtanga, kuteka. Kisha akamgeukia mwanangu. "Nyanya yako wa Kaloleni akiwa anacheka, wenzake husema anafanya nini?" Mtoto akafikiri. Bi Mwalimu akangoja. "Anatseka," akasema. Akaandika mstari wa tatu kama alivyokuwa akiambiwa: matso, mutsana, mutsanga, kutseka.

Ch, t, ts. Unguja, Mvita, Giriama. Mistari imeshuka sambamba kama ngazi. Na njia ni hivyo hivyo, Mmvita ataita ndia, njaa ataita ndaa, na Mgiriama atasema ndzala.

Nina miaka arobaini na moja. Nimezungumza vyote vitatu tangu nikiwa mtoto, na sikupata kuuona mpango huo hata siku moja. Babangu alikuwa akisema mato na mamangu matso katika chumba kimoja, nami nikadhani ni watu wawili walio mbali. Nilikaa pale nyuma nikashika kidevu. Mwanangu aliponitazama nadhani alidhani nimekasirika. Kwake yeye Kigiriama cha nyanya kilikuwa sauti tu za simu ya Ijumaa, na sasa akawa na ufunguo. Usiku ule alizunguka nyumba nzima anatafuta maneno yenye ch ayageuze. Mengine hayakukubali, maana lugha haiendi yote kwa mstari, lakini mengi yalikubali.

Wiki hiyo pia ndiyo iliyonipa lawama yangu kubwa kwa darasa hili, na nitaisema wazi. Bi Mwalimu akiongea anaongea Kimvita chake, "ndoo" kwa maana ya njoo, "una ndaa?", na watoto wanakinyonya kama maji. Lakini hawapi mapema vya kutosha tofauti ya lugha ya kusema hapa mtaani na lugha ya kuandika shuleni. Kuandika kwenyewe ni kidogo mno, labda nusu saa kwa wiki. Mwanangu aliandika "mato" kwenye insha shuleni, ikarudi na wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwamba hilo si neno. Alirudi amenyamaza, nikaogopa tumerudi tulikotoka.

Kwa upande wa mtihani mwalimu wa shule alikuwa na haki ya kulipigia mstari. Sanifu ni sanifu. Lakini kumwambia mtoto wa Mombasa kwamba hilo si neno, hapo amemkosea. Uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifikiwa kwenye mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, na kamati ya kulisimamia jambo hilo ikaanza kazi 1930. Ulikuwa uamuzi wa watu mezani, kwa ajili ya vitabu na shule. Kimvita ndicho alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake, naye alikufa 1840, kabla hata hiyo kamati haijafikiriwa. Nilimweleza Bi Mwalimu haya yote, na Jumamosi iliyofuata akagawa madaftari ya kurasa mbili mbili, kushoto "tunavyosema", kulia "tunavyoandika". Limesaidia. Ningependa lingekuwapo tangu siku ya kwanza.

Jingine ambalo mimi naye hatukuelewana ni Sheng, ile lugha ya vijana ya mtaani. Haitaki kabisa mlangoni. Sisi tunakaa Bamburi, na watoto anaocheza nao mwanangu jioni wanachanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza kwa pumzi moja. Hao ndio waliomkubali kwanza, kabla ya darasa lolote. Siwezi kumwambia maneno ya marafiki zake ni takataka baada ya yote tuliyoyapitia kwa kuambiwa maneno ya nyumbani yanavuruga. Tumekubaliana akifika Kibokoni anayaacha viatuni, akitoka anayavaa.

Mambo madogo: ukumbi una feni moja na Februari joto lilikuwa la kutisha, mpeleke mtoto na chupa ya maji na kitambaa. Umeme ukikatika somo linahamia barazani, na barazani pikipiki zinapita. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, unalipa kabla, na mtoto akiugua hakuna kurudishiwa. Tulipoteza vipindi viwili kwa homa. Vitafunio vya mapumziko ni shilingi 50 kwa siku, na kaimati zake ni za moto kweli kweli. Kutoka Bamburi tunapanda matatu hadi Buxton, kisha tuktuk.

Kama unataka mtoto apate alama za shule haraka, hili si darasa lake, mtafutie mwalimu wa mitihani. Kama ni mdogo chini ya miaka saba, saa mbili na nusu ni nyingi mno kwake. Kwa yule anayesikia na hasemi, mpeleke kesho. Na kwa mtu mzima wa aina ya yule kijana wa Muscat pia, ila apige moyo konde wa kukaa mkekani.

Kila kipindi kinaisha kwa vitendawili. Mara ya kwanza Bi Mwalimu alitega, "Kuku wangu katagia miibani," wakashindwa wote, akasema, "Nipeni mji." Watoto wakatazamana, mwanangu akainua mkono akasema, "Doha." Niliogopa ataambiwa mji uwe wa huku. Bi Mwalimu akajiweka sawa leso yake. "Nimekwenda Doha, Doha wamenipokea, wamenipa kahawa ya iliki na tende, wamenilaza kwenye baridi ya mashine, na nimerudi na jibu. Nanasi."

Ijumaa moja mwezi wa tatu, simu ya nyanya ikaja, na kabla sijaichukua mtoto ameshaishika. Nikasikia, "Nyanya, kitendawili!" Mamangu akaitikia tega. Akategewa yule yule kuku wa miibani, ambaye mamangu anamjua tangu hajazaliwa mama yangu mdogo. Akasema, "Ah, umenishinda." Mtoto akamwambia, "Nipe mji." Mamangu hajawahi kupanda ndege maishani. Akasema, "Haya, nakupa Doha."

Basi ikabidi aende. Akasimama katikati ya sebule, simu sikioni, akaanza, nimekwenda Doha, halafu akakwama. Nikauma midomo. Upande wa pili kimya, mamangu anangoja, ingawa hakuna aliyemfundisha kanuni yoyote. Akaendelea. Akamweleza nyumba yetu ya ghorofa ya tisa, joto la Julai ambapo kiatu kinashika lami, paka wa mlinzi wa jengo, rafiki yake wa Kifilipino, na jinsi alivyolia uwanja wa ndege. Mengine alikosea ngeli, "paka yangu" hivi na "mlango kubwa" vile. Dakika kumi na mbili, simu imeandika. Nanasi alilisahau kabisa, na mamangu hakumkumbusha.

Kijaluo bado. Babake anasema atamwanza yeye mwenyewe, nami nitaamini nikiona, kwa sababu akichoka anarudi kwenye Kiingereza. Muhula mpya wa Kibokoni unaanza Mei na tumeshalipa. Agosti shule zikifungwa anakwenda Kaloleni wiki tatu peke yake. Nyanya yake ameshasema simu yake ataifungia kabatini tangu siku ya kwanza, nisipige kila saa.